Nisomee Tangi

Mama Mashuka, jirani yetu anayefulia nyumba ya wageni, anasema aliona kwa macho yake mawili, na hakuna wa kumwambia vinginevyo. Anasema alikuwa mlangoni kwake akikunja foronya, jua limeshapanda, shangazi yangu akatoka nje na beseni. Akafika mbele ya kamba ya nguo. Akasimama. Akamtazama yeye Mama Mashuka usoni kabisa, akatabasamu, halafu akayamwaga maji ya buluu kwenye mashuka meupe ya nyumba ya wageni, taratibu, kama mtu anayemwagilia maua. Kisha akageuka akarudi ndani bila hata samahani.

Hiyo ni hadithi ya kwanza. Alipomsimulia mwenye duka la pembeni, shangazi akawa amecheka. Alipowasimulia wapangaji wa vyumba vya nyuma, shangazi akawa amecheka na kutema mate. Mpaka jua linazama hadithi ilikuwa imenenepa kiasi kwamba hata mimi niliyekuwepo ningekaa chini niisikilize, nijue iliishaje.

Maana nilikuwepo. Nilikuwa bombani nasugua ndoo, na nilichokiona ni hiki: shangazi alitoka na beseni akaenda moja kwa moja kwenye mtaro, pale pale anapomwaga maji yake miaka yote. Hakujua kwamba asubuhi hiyo Mama Mashuka amehamisha kamba, kwa sababu upande wake fundi alikuwa anapiga lipu na vumbi la saruji lilikuwa linaruka. Mashuka yalikuwa yananing'inia katikati ya shangazi na mtaro wake. Wala hakumtazama mtu usoni. Alikunja macho na kuvuta mdomo, ndivyo anavyofanya siku hizi akitaka kuona kitu, na kwa mtu aliye mbali uso ule unafanana sana na kutabasamu.

Shangazi yangu haoni. Jicho moja limekwisha kabisa, la pili linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Na mimi nilikuwa nimeapa kwamba sitamwambia mtu.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu. Nilipomaliza darasa la saba nyumbani hakukuwa na mpango mwingine juu yangu, nikaja kukaa kwake, akanipa kitanda cha kaka. Kaka ni mtoto wake wa pekee. Ni fundi wa lifti, anaishi mji mwingine, ghorofani, na mke na watoto, na kila Jumapili mchana anapiga simu. Kila Jumapili anamalizia na lile lile, mama njoo ukae na sisi, unafanya nini huko peke yako. Shangazi anamwambia atakuja siku ile atakapomtengenezea lifti isiyopanda juu. Wanacheka wote wawili, simu inakatwa.

Peke yake si kweli. Ana mimi, na ana samaki.

Alikuwa mfagiaji kwenye ofisi ya bima, na pale mapokezi palikuwa na tangi la kioo ambalo kila mtu alilipita. Ofisi ilipohama wakaliacha, na kambare ndani. Si kambare wa kitoweo. Hawa hawafiki urefu wa kidole, wana madoa kama ya kanga na ndevu fupi, wanakaa chini wakichokonoa mchanga kama wanawake wanaochambua mchele. Shangazi akalikodia mkokoteni akaja nalo. Tangu hapo chumba cha mbele si chetu tena: matangi yamepanda ukuta mzima, pampu za hewa zinanguruma mchana kutwa, na makochi tumeyasukumia barazani. Mwenye duka la samaki wa mapambo anawachukua wote, anasema wa shangazi hawafi njiani. Mama Mashuka, wakati ule bado wanapikiana chai, alikuwa anasimama mlangoni na kusema, "Samaki gani hawa, dada, hata paka akiwaona anaaga."

Ukitaka watage unawadanganya kwamba mvua imenyesha. Unawalisha washibe siku kadhaa, halafu unatoa sehemu ya maji na kuweka ya baridi ya mtungini. Wanachangamka. Jike anabeba mayai katikati ya mapezi ya tumboni, kama mtu aliyeshika kikombe kwa viganja, anapanda nayo na kuyabandika kwenye kioo. Wakimaliza, yeye na mumewe wanasahau kabisa kwamba ni wazazi, na usipoyaondoa wanayala. Shangazi husema ndiyo maana anawapenda, hawajifanyi.

Kuyaondoa ni kazi ya kidole. Unayaviringisha taratibu kwa ncha, yananata, yanakuja. Unayaweka kwenye beseni lenye mapovu ya hewa na matone machache ya dawa ya buluu ya kuzuia ukungu. Machache tu, maji yawe na rangi ya mbingu asubuhi. Baada ya hapo unakaa macho, kwa sababu yai lililoharibika linageuka jeupe na kuota manyoya, na manyoya yale yanahamia kwa mwenzake, na mwenzake kwa mwenzake, mpaka unabaki na beseni la pamba.

Mimi niligundua kwenye matone. Nilimkuta amesimama na chupa, anadondosha, anainama, anadondosha tena. Maji yalikuwa yameshakuwa wino. Nikamwambia shangazi imezidi. Akainama tena juu ya beseni, akasema, "Mimi bado naona meupe."

Nilimpeleka kwenye duka la miwani tukidhani ni miwani tu. Mtaalamu wa pale alimmulika kwa taa yake ndogo, akamwambia hii si ya miwani, ni presha ya macho. Akasema kilichokwisha kwenda hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kushikiliwa, aende hospitali mapema, apewe dawa ya kudondosha, pengine apasuliwe kidogo. Asichelewe. Alirudia hilo la kutochelewa akinitazama mimi.

Njiani shangazi alitembea kwa hasira, ameshika bega langu. Mama yake, yaani bibi yangu, alipasuliwa jicho zamani. Alikwenda hospitali anatembea mwenyewe, akarudi ameshikwa mkono, na hakuachwa tena mkono mpaka alipokufa. Walimpitisha kwa watoto wake zamu kwa zamu kama kiti cha kuazima. Shangazi alikuwa ndiye msichana wa kumshika mkono.

Tulipofika getini akanisimamisha akaniapisha. Asijue kaka, asijue jirani, asijue hata mwenye duka la samaki. Nikaapa. Nilifikiri ana haja ya muda kidogo tu.

Tukawa tunaishi hivi: kila asubuhi akishakunywa chai anavuta kigoda mbele ya matangi, anaweka mikono kwenye kioo, anasema, "Nisomee tangi." Nami namsomea. Lile la juu maji safi. Hili jike amenenepa upande mmoja. Yule mzee mwenye pezi lililochanika yuko nyuma ya jiwe amenuna. Anacheka, anaelekeza, mimi nafanya. Mayai alikuwa anayashughulikia mwenyewe, na hapo hakuhitaji macho ya mtu. Yai zima ni gumu, linateleza chini ya kidole kama punje ya mtama. Lililokufa linabonyea. Aliyapitia beseni zima kwa kidole, moja moja, na mabaya aliyaweka pembeni, na sikuwahi kumkuta amekosea. Nilikuwa nakaa pale namtazama na kujiambia kwamba labda tutaendelea hivi hivi.

Hata siku ya mashuka ilikuwa ni matone. Nilikuta dawa imekuwa wino tena, nikahamishia mayai kwenye maji mapya, nikasema nitayamwaga yale mabaya nikimaliza kusugua ndoo. Yeye hakusubiri. Kumwaga maji kwenye mtaro ni kitu ambacho hajawahi kusaidiwa.

Mama Mashuka alikuja kesho yake. Hakuja kwa kelele, na hilo lilinitisha kuliko kelele. Shuka lilikuwa begani, amelichemsha, amelianika, amelirudia kwa limau na chumvi, na bado lina ziwa la buluu katikati. Wapangaji wa nyuma wote walikumbuka kwamba wana kitu cha kufanya nje.

Alimwambia shangazi kwamba hakuja kudai. Habari ya mashuka ameshaizungumza na mwenye nyumba ya wageni, imekwisha. Akasema wamekaa ukuta mmoja miaka mingi, alipojifungua mtoto wake wa mwisho ni shangazi aliyemkanda, na yeye shangazi alipovunjika mguu ni nani aliyekuwa anamwogesha. "Kwa hiyo sitaki kitu, dada. Nataka uniambie nimekukosea nini."

Shangazi alikuwa kwenye kigoda, amegeuzia uso upande sauti inakotoka. Nikasema moyoni, sasa. Sema sasa, ni maneno mawili tu, na mama huyu atakaa chini alie na wewe.

"Hukunikosea," shangazi akasema.

"Basi ilikuwa bahati mbaya."

"Haikuwa bahati mbaya. Nilifanya makusudi."

Hata pampu nilizisikia zinabadilisha mlio. Mama Mashuka alimtazama, akanitazama mimi, nikainamisha kichwa. Akauliza kwa nini. Shangazi akajibu kwamba alijisikia tu. Mashuka yale kila siku meupe, kila siku meupe, yanamchosha.

Mama Mashuka alilikunja lile shuka vizuri, pembe kwa pembe, kama anavyolikunja la mteja, akaliweka kwenye mkono wa kochi barazani. "Baki nalo," akasema. "Ukilitazama unikumbuke."

Alipotoka nilimgeukia shangazi, na sijawahi kumwinulia sauti kabla ya siku ile. Nikamuuliza kwa nini anajipakaza uovu asiokuwa nao, mtu mzima, mbele ya watu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema, bila ukali, kama anayenifundisha kubadilisha maji:

"Wakisema nina roho mbaya, wataninunia, na mimi nitabaki hapa na samaki wangu. Wakisema sioni, Jumapili haitafika mwanangu hajaja na gari. Wewe chagua."

"Lakini hospitali wangekusaidia, shangazi."

"Mama yangu naye walimsaidia."

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyetusalimia vizuri. Bombani ndoo yangu ilikuwa inasogezwa nyuma ya foleni bila mtu kusema neno. Watoto waliambiwa wasikanyage barazani kwetu. Mmoja wa wapangaji alianza kupiga chafya kila shangazi akipita, sijui ndiyo nini. Shangazi alipita katikati yao na shingo ameinyoosha, mkono wake mmoja kwangu kana kwamba ni mapenzi tu. Na mimi niliyejua ukweli nilipita nao mdomoni kama kaa la moto.

Jambo moja lilikuwa la heri. Mayai ya beseni lile, yale tuliyoyahamisha kwenye maji mapya, yalianguliwa.

Kifaranga wa kambare akitoka kwenye yai hafanani na kitu. Ni uzi wenye macho mawili na kifuko cha njano tumboni. Anaishi kwa kile kifuko kwanza, hali kitu, amelala chini akitetemeka. Kifuko kikiisha ndipo kazi inaanza. Tunafuga minyoo myembamba kama nywele kwenye kopo la uji uliochacha, inapanda ukutani mwa kopo, unaikwangua kwa kidole na kuwapa kidogo. Kidogo, kwa sababu kinachobaki kinaoza chini, na wao wanalala hapo hapo chini. Kwa hiyo kila siku unanyonya uchafu kwa mpira mwembamba, maji yanashuka kwenye ndoo, na kabla ya kumwaga unainama juu ya ndoo na kijiko cheupe. Daima kuna vifaranga waliovutwa pamoja na uchafu. Unawateka mmoja mmoja na kuwarudisha. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyonifundisha nilipofika hapa, kabla hata ya kunionyesha choo: ndoo haimwagwi haijasomwa.

Safari hii walikuwa wengi, na wazuri. Shangazi alifurahi mpaka akawa anaimba. Akawapa beseni kubwa la kioo peke yao. Kila asubuhi nilimsomea na wao: matumbo yameingia rangi, mikia imeshajitokeza, mmoja ameanza ndevu. Nikisema ndevu alitaka nirudie. Na nilipokuwa namsomea niliona jinsi anavyogeuza kichwa, kidogo kidogo zaidi kila wiki, kutafuta lile tundu la ufunguo lililobaki, na jinsi linavyohama. Asubuhi moja alinyoosha kidole kuonyesha pampu akaonyesha ukuta. Sikusema kitu. Nilisogeza pampu.

Nataka nieleweke hapo. Sikusema kitu, nilisogeza pampu. Ndivyo nilivyokuwa nafanya kila siku. Kigoda nilikiweka pale pale, sufuria nilizigeuza mikono upande mmoja, chupa ya dawa nilikuwa naidondosha mimi kabla hajaamka. Nilikuwa mwepesi kiasi kwamba hata yeye alianza kuamini kwamba jicho limetulia. Jumapili alimwambia kaka kwenye simu kwamba siku hizi anajisikia vizuri sana, na hakuwa anadanganya.

Siku yenyewe mwenye duka la samaki alituma ujumbe niende nikachukue mifuko ya kusafirishia. Nikamwomba shangazi asiguse mpira mpaka nirudi. Akasema haya. Akasema tena haya, nenda, usije ukakuta pamefungwa. Dukani nilisubirishwa. Nilirudi haraka, na jua lilikuwa kali, na nilipoingia getini niliona kitu ambacho sikukielewa mara moja.

Shangazi alikuwa amesimama karibu na mtaro na ndoo tupu mkononi, anaikung'uta. Kamba ya Mama Mashuka haikuwepo pale, fundi wa lipu alikuwa amemaliza siku nyingi, ilikuwa imesharudi upande wake. Kati ya miguu ya shangazi na mtaro saruji ilikuwa imelowa. Na kwenye saruji ile Mama Mashuka alikuwa amepiga magoti.

Alikuwa na kijiko cha chai na kikombe cha maji, anateka kitu sakafuni, anainama mpaka pua inakaribia kugusa chini, anateka tena. Alikuwa karibu sana na pindo la gauni la shangazi, mkono tu ungemfikia. Shangazi alikung'uta ndoo mara ya mwisho, akageuka, akampita. Alimpita kama anavyopita nguzo. Akahesabu ngazi kwa kidole cha mguu, akaingia ndani, na huko nikamsikia anaimba.

Mama Mashuka alibaki ameinua kichwa, anautazama mlango.

Nilikwenda nikapiga magoti upande wa pili. Sakafu ilikuwa imejaa. Nyuzi nyembamba, zina macho, nyingine bado zinajikunja. Jua lilikuwa linazikausha mbele yetu, zinashika kwenye saruji na ukizigusa zinakatika. Nilikuwa nateka kwa majani, kwa ukucha, kwa chochote. Wengi walikuwa wameshaingia mtaroni pamoja na maji.

"Nilimwita," Mama Mashuka akasema kwa sauti ya chini kabisa, sauti ambayo sikujua kama anayo. "Nilimwambia dada, ndoo ina samaki. Aliniitikia, mwache mwenye wivu aseme. Alidhani namkebehi." Akateka mwingine. "Nikaja hapa miguuni pake. Hakuniona, binti. Nimempungia mkono usoni hakuniona."

Nilimnasa mmoja kwa ukucha nikamtia kikombeni.

"Tangu lini?"

Nafikiri uso ulimjibu, kwa sababu aliweka kijiko chini. Alilitazama doa la buluu la siku ile ya mashuka, kwenye saruji karibu na mtaro, ambalo bado lipo, halikutoka. Niliona hesabu inajipanga kichwani mwake, mashuka, tabasamu, makusudi. Yule mama anayejaza mtaa mzima kwa pumzi moja alikaa kimya pale juani, na machozi yakamtoka bila sauti yoyote.

Kisha akauliza kama anatibiwa. Nikamwambia hapana. Nikamwambia alichosema mtaalamu wa miwani, kwamba kilichobaki kinaweza kushikiliwa. Ndipo nikawa nimevunja kiapo, nusu yake, nikiwa nimepiga magoti na samaki kwenye ukucha. Akaniuliza kwa nini sikusema, na nikaanza kumweleza, kaka, gari, bibi yangu, na nilipokuwa naeleza nilijisikia jinsi ilivyo ndogo.

"Na wewe ulikuwa unamfichia," akasema. Hakusema kwa kunilaumu. Afadhali angelaumu.

Tuliinuka pamoja. Kikombe alikishika yeye. Nilidhani ataniachia mlangoni, lakini aliingia mpaka chumba cha mbele, miguu pekupeku. Shangazi alikuwa kwenye kigoda chake, mikono kwenye beseni la kioo. Ndani ya beseni palikuwa na maji safi, mapovu yanapanda, na chini mchanga mtupu. Vifaranga wachache sana walijibanza nyuma ya jani, pale ambapo mpira haukufika.

Shangazi akasikia hatua mbili. "Nani mwingine?"

"Mimi," Mama Mashuka akasema.

Mgongo wa shangazi ulinyooka. "Nilishakwambia nilifanya makusudi. Umefuata nini tena?"

"Najua uliniambia." Mama Mashuka alisogea, akauchukua mkono wa shangazi kutoka kwenye kioo, akakizungushia kikombe vidole vyake, kimoja kimoja. "Nimekuletea watoto wako, dada. Ulikuwa umewamwaga."

Hakungoja jibu. Alitoka, na nikamsikia nje anawaambia wapangaji wa nyuma, ambao walishaanza kukusanyika, kwamba hakuna cha kuangalia hapa, kila mtu na jiko lake. Sikuwa nimewahi kumsikia akiifunga habari.

Shangazi alikaa na kikombe kifuani. Aliingiza kidole ndani ya maji, taratibu, ncha tu. Waliokuwa hai walikuja kukigusa kwa ndevu zao, au labda ni mimi niliyetaka iwe hivyo. Akakitoa kidole. Alikuwa amezeeka tangu asubuhi.

"Nisomee tangi," akasema.

Zamani ningempambia maneno. Ningesema wapo, shangazi, wamejificha, si unawajua. Neno lenyewe lilikuwa tayari kwenye ulimi, na lilikuwa tamu. Badala yake nilivuta ndoo nikaigeuza, nikakaa karibu yake, goti kwa goti, nikamsomea. Nikasema beseni ni tupu. Nikasema waliobaki wako nyuma ya jani na ni wachache, na walio kwenye kikombe ni wachache, na baadhi yao hawatafika jioni. Nikasema wengine wako kwenye saruji pale nje, nimewaacha, wameshakauka. Yule mwenye ndevu sijamwona. Nikasema pampu iko kushoto, si pale anapoelekea, niliihamisha mimi, na chupa ya dawa huwa naidondosha mimi, na jicho halijatulia. Linakwenda. Naliona linakwenda kila asubuhi akigeuza kichwa.

Nilimsomea mpaka mwisho. Hakunikatiza.

Nje Mama Mashuka alikuwa amerudi kwenye kazi yake. Kupitia mlangoni niliona anaifungua kamba ile ya kwake na kuifunga juu zaidi, mbali zaidi na njia ya mtaro, ingawa haikuwa imemzuia mtu.

Simu ya shangazi ilikuwa juu ya tangi, pale inapokaa siku zote ikisubiri Jumapili. Niliishusha. Nikatafuta jina la kaka, nikaliacha pale kwenye kioo cha simu, kidole juu yake bila kubonyeza. Kiapo kilichobaki kilikuwa ni hicho tu, na sikutaka kukivunja nyuma ya mgongo wake.

"Shangazi," nikasema. "Nipe ruhusa nimpigie. Aje atupeleke hospitali, mimi nawe. Nitakuwa nimekushika mkono kwenda, na samaki nitawatunza, na tukirudi nitabaki hapa hapa nawe. Niruhusu."

Alikuwa ameinamia kikombe. Alikiinua karibu na lile jicho lililobaki, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango, huku na huku, akitafuta. Pampu zilinguruma. Nilisubiri na simu mkononi, taa yake ikazimika, nikaiwasha tena, nikasubiri.